Mke wangu alipokwenda Mlali akaniachia watoto niwaandae kurudi shule: yaliyonikuta Mwembesongo

Wakuu, poleni na jua. Na nyie wa huku kwetu Morogoro, poleni na hii mvua inayotishia kila siku halafu inaishia milimani.

Nimeona humu ndani kila mtu analia na sare, mabegi na madaftari. Shule zinafunguliwa, wazazi wamekuwa wapole kama wagonjwa.

Sasa kuna dada mmoja kwenye uzi wa jirani ameuliza swali la maana sana. Ukiacha sare na daftari, mwili wa mtoto unauandaaje ili arudi shule akiwa mzima? Watu wakamjibu kwa masihara. Mmoja akamwambia ammwagie maji ya baridi, yatosha.

Mimi jibu ninalo, ila ni refu, ndiyo maana nimekuja kufungua uzi wangu. Haya yalinikuta mwenyewe. Na mke wangu amekaa hapa hapa sebuleni ananisomea begani, nikitia chumvi ananipiga kiwiko. Kwa hiyo mtapata ukweli mtupu, mkitaka msitake.

Twende.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mwanzoni mwa tisini.

Wadogo zangu mliozaliwa juzi, niwaeleze kidogo. Kabla ya hapo dukani ulikuwa unapanga foleni ya sabuni bila uhakika kama sabuni ipo. Halafu ghafla mlango ukafunguliwa, kila kitu kikaingia. Mitumba, redio kaseti, saa zinazoimba, biskuti za nchi usizozijua, pipi za rangi ambazo hata maua hayana.

Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu kiwandani, kiwanda cha uzi. (Uzi wa kufumia nguo, siyo huu mnaosoma.) Ni mtu wa Iramba, nilikuja Morogoro kutafuta kazi, nikapata kazi na mke juu yake. Kiwanda kikaanza kukohoa, wakapunguza watu, na mimi nikawemo.

Nikafungua kaduka mbele ya nyumba, mtaani kwetu Mwembesongo. Pipi, bigijii, juisi za unga zile za kukoroga, biskuti, sabuni za kunukia.

Wateja wangu wakubwa walikuwa wawili. Mwajuma na Rama. Wanangu wa kuzaa. Wateja wasiolipa.

Mwajuma alikuwa anaingia darasa la sita, mdomo wake ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia.

Rama alikuwa amemaliza la pili, na huyu ndiye hasa aliyenifanya nifungue uzi. Rama alikuwa mtoto mpole, lakini hamuelewani. Ukimtuma ungo, analeta unga. Ukimwambia funga mlango, anakuuliza mpango gani. Ukimwita anaweza kuja, anaweza asije, kama waziri.

Na kitu kingine: kichwa chake hakioshwi. Mwili ataoga, miguu atasugua mpaka ing'ae, lakini maji yakisogelea kichwa analia mpaka majirani wanatoka. Tulikuwa tunampangusa kwa kitambaa chenye unyevu kama unavyopangusa meza.

Kabla shule hazijafungwa, mwalimu wa darasa alikuwa amemwita mama yake. Akamwambia huyu mtoto hasikilizi, anakaa nyuma anaangalia nje, ukimuuliza hiki anajibu kile. Shule zikifunguliwa mzazi aje, tuzungumze arudie la pili.

Hilo peke yake lingetosha kuniumiza. Ila kuna jambo lingine.

Mke wangu ni Mluguru. Kule kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa kuliko mnavyofikiri. Kaka yake mkubwa, Mjomba Mkude, alikuwa na shamba juu huko Mkuyuni, migomba na kunde na mananasi. Aliposikia habari za shule akatuma ujumbe: "Kama darasa limemshinda, nileteeni. Huku kazi haikosi mtu."

Hakuwa anatania. Na mimi kwetu mtoto ni wa baba, mnielewe.

Basi. Likizo inakaribia kuisha, taarifa ikaja kwamba mama mkwe, aliyekuwa anaishi kwa binti yake mkubwa huko Mlali, ameteleza mtoni akaumia nyonga. Mke wangu akafunga kanga na kikapu, akasimama mlangoni.

"Baba Mwaju," akasema, "mimi nakwenda kumuuguza mama. Shule ziko karibu. Walale mapema, wale chakula siyo pipi, wakatwe kucha, wanywe dawa ya minyoo, wapige mswaki. Nikirudi nikute watoto, nisikute mbuzi."

Nikamwambia, "Hilo tu?"

Wakuu, hilo neno "hilo tu" msilitumie kamwe mbele ya mwanamke anayeondoka na kikapu.

Nikaamua kuendesha nyumba kama zamu ya kiwandani. Tatizo la kwanza lilikuwa usingizi. Likizo nzima watoto walikuwa wanashinda kwenye banda la video la mtaa wa pili, wanaangalia watu wakipigana mateke kwa Kichina, wanalala wakati bundi anaamka, wanaamka jua liko utosini. Mtoto wa namna hiyo siku ya kwanza ya shule atalalia dawati.

Nikapiga marufuku banda. Kisha nikachukua rimu ya gari bovu, nikaitundika kwenye mpera nyuma ya nyumba, nikatafuta kipande cha nondo.

Alfajiri ya kwanza nikaigonga.

Jirani yangu Bi Zuhura akatoka mbio amejifunga shuka, ndoo ya maji mkononi. "Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, bi mkubwa. Shikamoo. Naamsha watoto."

Hakuitikia marahaba. Akarudi ndani na ndoo yake.

Mwajuma akatoka na jicho moja. "Baba, hata kuku bado wamelala."

"Kuku hawaendi shule."

Rama je? Rama alikuwa amelala fofofo, mate yanatiririka, kama rimu imepigwa Kilosa. Ikabidi nimbebe.

Sasa chakula. Niliamua pipi basi, asubuhi uji wa lishe. Mahindi, ulezi, karanga za Gairo. Mimi na akili zangu nikaona karanga zikizidi na afya itazidi. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Nikakoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria.

Mwajuma akaangalia bakuli lake. "Baba, huu tunakunywa au tunajengea?"

Tulikula na vijiko. Siku ya pili nikapunguza, siku ya tatu ukawa uji wa watu. Nikaona kitu cha ajabu: ndani ya siku chache wakaacha kuulizia biskuti kabla ya mchana. Kumbe muda wote wale watoto walikuwa na njaa ya chakula.

Meno. Nilikuwa nimeleta dukani dawa ya meno ya watoto, ngeni kabisa mtaani, inanukia ndizi. Nikafungua moja kwa ajili yao. Jioni natafuta tyubu, imeisha. Nikadhani wamepiga mswaki sana, nikafurahi. Nikamkuta Mwajuma ameipaka kwenye mkate.

Nikarudisha ile ya kawaida inayowasha ulimi. Hiyo haikuliwa na mtu.

Dawa ya minyoo tulikwenda kuichukua zahanati, wakapewa kulingana na umri wao. Wakagoma kumeza mpaka na mimi nimeze. Nikamuuliza muuguzi kama mtu mzima anaruhusiwa, akacheka, akanipa na mimi. Kilichofuata kesho yake sisimulii, wengine mko mezani.

Nilikuwa naona naenda vizuri. Kucha fupi, meno meupe, watu wanalala mapema. Mwajuma akawa anaamka mwenyewe kabla ya rimu ili tu aniwahi kuigonga, Bi Zuhura akaacha kunisalimia kabisa.

Lakini Rama akabaki kitendawili.

Siku nyingine nagonga rimu, hatikisiki. Siku nyingine nagonga, anaruka kama amekanyaga kaa, anatoka nje wa kwanza. Nikawa sielewi. Mtoto yule yule, kitanda kile kile, rimu ile ile.

Nilikuwa nimekaa kiwandani miaka mingi nikisikiliza mashine. Mashine ikisimama leo na kesho ikazunguka, fundi haitukani. Anaangalia nini kimebadilika. Basi asubuhi moja, kabla ya kugonga, nikachungulia dirishani Rama amelalaje.

Amelalia ubavu wa kulia. Nikagonga. Kimya.

Kesho yake nikachungulia tena. Amelalia ubavu wa kushoto. Nikagonga. Mtoto huyoo, nje.

Nikasimama pale na nondo yangu mkononi, jasho limeanza kunitoka na kulikuwa na baridi ya mlima.

Mchana Rama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachora gari mchangani. Nikamwendea taratibu kwa nyuma, nikainama upande wa sikio lake la kushoto, nikanong'ona: "Nani anataka pipi?"

Hakuna kitu. Anachora gurudumu.

Nikanong'ona tena, kwa nguvu kidogo. "Rama. Pipi."

Gurudumu la pili.

Nikahamia upande wa kulia. "Nani anataka..."

Sikumaliza. Mkono ulikuwa umeshanyooshwa, kiganja wazi.

Wakuu, mtoto anaweza kujifanya hasikii "kafagie". Anaweza kujifanya hasikii "njoo uoge". Lakini hajazaliwa mtoto Mwembesongo wa kujifanya hasikii "pipi".

Mwanangu alikuwa hasikii upande mmoja. Na sisi sote, nyumbani na shuleni, tulikuwa tunasema ana dharau.

Nilimpa ile pipi. Marufuku niliweka mwenyewe, nikaivunja mwenyewe.

Nikamwita Mwajuma alete tochi. Nikamlaza Rama mapajani, nikavuta sikio kidogo, nikamulika. Ndani kabisa nikaona kitu. Cheusi, cha mviringo, kinang'aa kidogo.

"Rama," nikasema upande wa sikio zima, "humu ndani kuna nini?"

Midomo ikaanza kucheza. Halafu akaangua kilio kile cha mtu aliyebeba kitu peke yake muda mrefu.

"Kunde," akasema.

Naona kuna mkuu hapo chini ameshawahi kuuliza "kunde nzima?" Ndiyo mkuu. Nzima. Tulia nimalize.

Mwajuma ndiye aliyemtoa maneno. Ikawa hivi. Likizo ya katikati ya mwaka watoto walikwenda kwa Mjomba Mkude, Mkuyuni. Wakawekwa kulala chumba kimoja na mjomba. Mjomba anakoroma. Rama akasema anakoroma kama lori la mananasi linapanda mlima wa Bigwa na gia imegoma. Hakuweza kupata usingizi, akaenda kwenye gunia, akachukua kunde mbili, akaziba masikio.

Asubuhi ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikakataa.

"Sasa kwa nini hukusema?" Mwajuma akamuuliza.

"Mjomba alisema ukimeza mbegu inaota tumboni. Nikaona na ya sikioni itaota. Mkijua mtanikata sikio."

Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo: "Ndiyo maana sitaki maji kichwani. Mbegu bila maji haioti."

Mtoto wa la pili, wakuu. Miezi yote hiyo analinda kichwa chake kisipate mvua, kila asubuhi anajipapasa sikio kuangalia kama limetoka jani. Na huko darasani anaambiwa hana akili.

Sasa hapo ndipo, kwa bahati mbaya au nzuri, Mjomba Mkude mwenyewe akatokea. Ameshuka na mkungu wa ndizi begani, amekuja kuona suala la shule limefikia wapi. Kwa maneno mengine, amekuja kumchukua mtu wake.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Mbona mna sura za msiba?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kukoroma, akanikata.

"Mimi sikoromi."

Mwajuma akafungua mdomo. Nikamkazia macho akaufunga.

"Mimi sikoromi," akarudia, "lakini hiyo kunde naitoa sasa hivi. Lete maji ya vuguvugu. Tunajaza sikio, inaelea, inatoka. Kitu kidogo."

Bi Zuhura, aliyekuwa amesikia kilio akasahau ugomvi wetu, akasimama ukutani akashauri njiti ya kiberiti. Mpita njia mmoja aliyekuja kununua chumvi akashauri pini ya nywele. Kila mtu Mwembesongo alikuwa daktari siku ile.

Mjomba alishika kikombe cha maji. Rama alipokiona alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. "Itaota! Baba, itaota!"

Nikageuza uso, siwezi kuangalia. Macho yangu yakaangukia sufuria jikoni. Ndani yake nilikuwa nimeloweka kunde za mchana. Asubuhi zilikuwa nusu sufuria. Sasa zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni, zimevimba, nyingine zimepasua ganda.

"Shemeji, weka hicho kikombe chini!"

"Nini?"

"Angalia zile. Ikilowa ndani itavimba. Sikio la mtoto halina nafasi hiyo."

Mjomba akaangalia sufuria. Akaangalia kikombe. Akakimimina taratibu kwenye mche wa mpapai.

Nikatoa baiskeli. Rama mbele kwenye bomba, Mjomba nyuma kwenye keria, mtu mzima na miguu yake mirefu inaburuta vumbi. Duka nikamwachia Mwajuma, kitu ambacho kilinigharimu kopo zima la bigijii, lakini tuyaache.

Hospitali tulikaa kwenye benchi muda wa kutosha. Rama kanikumbatia, Mjomba anatikisa goti. Katikati ya kungoja Mjomba akaniambia, macho yako ukutani: "Hivi kweli nakoroma?"

"Shemeji, mimi sijawahi kulala na wewe."

Akaguna.

Tukaitwa. Daktari alikuwa mama wa makamo, amevaa kitaa cha kumulikia kwenye paji la uso. Akachungulia, akauliza jambo moja tu la haraka: "Kuna mtu amechokonoa? Kuna aliyetia maji, mafuta?"

"Hapana, daktari."

"Hakuna hata mmoja?"

Mjomba akaangalia viatu vyake. "Hakuna," akasema.

"Basi mna bahati. Wengi wananiletea ikiwa imesukumwa mpaka ndani, ngoma ya sikio imetoboka. Mshike kichwa, baba. Asitikisike hata kidogo."

Alikuwa anamwambia Mjomba, maana ndiye aliyekuwa karibu. Mjomba akakishika kile kichwa kwa viganja vyake viwili vya jembe, kama mtu aliyeshika yai. Nikaona midomo yake inasema kitu, sijui dua ya wapi.

Daktari akaingiza kifaa chembamba chenye ncha iliyopinda. Rama akafumba macho. Mimi nikafumba zaidi.

Tiki.

Ilidondoka kwenye kisahani cha bati. Nyeusi, imezungukwa na nta, imesinyaa.

Rama akafumbua jicho moja. "Imeota?"

Daktari akainua kisahani, akakisogeza kwenye taa, akaikagua kunde kwa makini kabisa, pande zote. "Bado," akasema. "Mmewahi."

Nilimpenda yule mama kwa jibu lile kuliko hata kwa kunde.

Halafu Rama akakunja uso. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, ambako kulikuwa na kitoroli kinapita na gurudumu lake linalia. Akageukia dirishani, kuna kunguru. Akafunika sikio, akafunua, akafunika, akafunua.

"Mbona kuna kelele hivi?"

Mimi nilikuwa naangalia pembeni, kuna vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Kisha akamgeukia mjomba wake, aliyekuwa ameinama karibu yake kabisa. "Mjomba, kumbe hata ukiwa macho unakoroma."

Yule daktari ilibidi avue kitaa ili acheke.

Alipotulia akatuambia sikio limechubuka kidogo, akatupa dawa, akasema arudi tena kuangaliwa. Akasema pia kwa muda akae dawati la mbele. Na akaniambia kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka: "Baba, watu mnapeleka watoto kupima viatu dukani kabla ya shule. Masikio na macho hampimi."

Njiani Mjomba alitembea kwa miguu, amemshika Rama mkono, mimi nakokota baiskeli. Tulipofika karibu na nyumbani akasema, "Shemeji, huyu mtoto asome."

Nikaendelea kukokota baiskeli, nisije nikaharibu.

"Mtu anayeweza kukaa na siri kama ile muda wote ule, na akafikiria mbegu bila maji haioti," akasema, "huyo siyo wa kubebea ndizi. Asome. Likizo aje. Nitampa chumba chake."

Jioni ile Rama aliomba mwenyewe kuoshwa kichwa. Tulitumia ndoo mbili, na maji ya kwanza yalikuwa na rangi ya mto Morogoro wakati wa masika. Sikio tuliziba kwa pamba yenye mafuta kama daktari alivyotuelekeza.

Siku ya kufungua shule nikavaa shati langu la sikukuu, nikampeleka. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshajiandaa kwa mazungumzo ya kurudia darasa, naona maneno yake alikuwa ameshayapanga. Nikamweleza. Mwanzoni alidhani ni hadithi. Nilipomaliza akaweka mkono mdomoni.

Hakujitetea. Akamsimamisha Rama mbele, amgeuzie mgongo, yeye akaenda mpaka mwisho wa darasa. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ramadhani, nane ongeza saba?"

"Kumi na tano, mwalimu," Rama akajibu bila kugeuka. "Na hapo nyuma kuna mtu anatafuna karanga."

Kweli alikuwepo. Msichana mmoja na mashavu yamejaa.

Mwalimu akamuuliza mengine, ya kuongeza, ya kutoa, akamsomesha ukurasa. Mengine alijua, mengine aliyakosa, maana nusu mwaka ulikuwa umempita upande wa kushoto. Mwishowe akasema aende la tatu, akae mbele, jioni atambakiza kidogo wafidie yaliyopotea, na tutamwangalia mpaka likizo. Nilimshika mkono yule mwalimu nikasahau kuuachia.

Mke wangu alirudi wiki hiyo hiyo, mama mkwe ameanza kusimama. Nyakati zile hakuna simu, kwa hiyo hakujua lolote. Alinikuta dukani. Akatua kikapu, akanisogelea, akasema chini chini kama mama anavyosema mambo ya nyumbani:

"Rama yuko wapi? Nimemletea machungwa ya bibi yake. Usimwambie kwanza, ale chakula."

Kutoka nyuma ya nyumba, ukuta mzima katikati, ikaja sauti: "Asante mama! Nakula sasa hivi!"

Mke wangu aliganda. Akaniangalia. Akaangalia ukuta.

Mwajuma akatokea mbio, akaanza kumweleza yeye, kwa mikono na miguu, rimu, kunde, kitoroli, mjomba, vyote kwa pumzi moja. Rama akaja nyuma yake anasahihisha.

Mama yake akakaa pale pale chini kwenye vumbi, kanga na zote. Akamvuta mwanawe, akaangalia sikio la kulia, akaangalia la kushoto, akaliangalia tena la kushoto. Akalipuliza taratibu, kama mtu anavyopoza uji.

Rama akacheka. "Unanitekenya."

Na yeye akawa anacheka huku analia, na machungwa yakibingirika mpaka barabarani, hakuna aliyeyaokota.

(Hapa nimepigwa kiwiko. Anasema hakulia. Haya, hakulia.)

Kuhusu Mjomba, alishuka tena baada ya mavuno akanivuta pembeni. Alikwenda kumuuliza mkewe kama kweli anakoroma. Kumbe mama wa watu alikuwa anahamia kulala jikoni tangu mwaka wa harusi, mzee akidhani mwenzake anapenda kuamka mapema kupika.

Sasa dada uliyeuliza, jibu langu ni hili. Daftari na sare nunua, hiyo haikwepeki. Lakini kabla ya shule kufunguliwa mrudishe mtoto kwenye usingizi wa mapema taratibu, usingoje siku ya mwisho umshtue na rimu kama mimi. Asubuhi ale kitu cha kushiba. Angalia meno, angalia kichwa, mpe dawa ya minyoo kama wataalamu wanavyosema. Halafu msimamie nyuma umnong'oneze kitu anachokipenda, upande huu na upande ule. Mwambie akusomee kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Mtoto unayemwita mkaidi inawezekana hakusikii, na anayekwambia hesabu ngumu labda ubao haumfikii.

Na ukikuta kitu sikioni usichokonoe, usimwage maji, usimsikilize mteja wa chumvi. Hospitali moja kwa moja.

Mimi siyo daktari, ni mzee wa kiwanda cha uzi aliyeachiwa watoto.

Sasa zamu yenu. Najua humu wamo watu wazima na heshima zao, wenye magari na vyeo, waliowahi kujiingiza shanga puani, mahindi sikioni, kifutio sijui wapi. Nani alikutoa, na nyumbani uliwaambia nini? Semeni bila aibu, tusaidie wenye watoto. Mke wangu yupo hapa, anasoma koment zote.